Ruta ya Mama Dafroza wa Makere

Siku hizi mkinikuta kwenye benchi nje ya duka la pembejeo pale Kasulu mjini, lazima mmoja wenu asimame mbele yangu na kuuliza, "Mzee Gwasa, ninunue ruta gani ya nyumbani?" Anauliza ilhali ameshainunua. Imo kwenye mfuko, boksi limeshachanwa, na anachotaka kwangu ni sifa tu. Basi leo sisifu kitu. Nimestaafu, sina bosi wa kumwogopa, na nina hasira ambayo haijapoa tangu mvua zilizopita. Anayetaka maneno matamu aende kwa wauzaji.

Mimi ni mtu wa waya. Niliajiriwa kupanda nguzo za simu kati ya Kasulu na Kibondo, enzi ambazo simu ya mezani ilikuwa ya mganga mkuu, misheni na ofisi za serikali, basi. Mchwa walikula nguzo kwa chini, watu wakakata shaba kwa juu, na sisi mafundi tukawa hatuna la kufanya ila kupanda na kushuka. Baadaye waya ulikufa, minara ikasimama vilimani, na mimi nikaingia kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa akifunga intaneti kwenye nyumba za walimu, madaktari na wafanyakazi wa mashirika ya kambi za wakimbizi. Nilijifunza upya na mvi zangu kichwani. Nilipoanza kuijua kazi sawasawa, mkandarasi akatuita akasema siku hizi mteja anafunga ruta mwenyewe, anachomeka tu inawaka, hakuna haja ya fundi kwenda majumbani. Walituaga kwa soda na saa ya ukutani. Yangu haikuwahi kutembea hata dakika moja.

Anachomeka tu. Neno hilo limenichafulia uzee. Nitawaambia kwanza kazi yenyewe, kwa sababu wengine mtaacha kusoma nikifika kwenye kilio.

Kabla hujanunua ruta ya laini, jua mtandao gani unashika nyumbani kwako. Si mjini, si dukani kwa muuzaji. Nyumbani, chumba unachokaa. Azima simu ya jirani mwenye laini tofauti na yako, simama nayo mlangoni, ingia nayo ndani, nenda mpaka dirisha la nyuma. Milima yetu hii haina huruma. Nyumba mbili zinatazamana, moja inaona mnara, nyingine inaona kilima. Namkumbuka mwalimu mmoja mtu wa Tanga, aliyeletwa kufundisha upande wa Kibondo, alinunua ruta yenye antena nne ndefu kwa sababu rafiki yake wa Tanga anayo na inakimbia balaa. Huyo rafiki alikuwa anatazamana na mnara. Mwalimu wetu alikuwa bondeni, nyuma ya mikaratusi. Mwishowe antena zile alizianikia soksi, na ni yeye mwenyewe aliyenionyesha, huku akicheka.

Halafu mahali pa kuiweka. Ruta ina kazi mbili na watu wengi wanadhani ni moja. Upande mmoja inazungumza na mnara, upande mwingine inazungumza na simu yako. Zile alama za waifai unazoziona kwenye simu zinakuambia habari za upande mmoja tu: kwamba simu na ruta ziko karibu na zinaelewana. Hazikuambii kama ruta inapata chochote kutoka mnarani. Alama zinaweza kujaa mpaka juu na ndani hamna kitu. Rudieni kusoma maneno hayo, maana kuna mtu yamemgharimu.

Kwa hiyo iweke kwenye dirisha la upande wa mnara, juu ya meza au juu ya kabati, isikae sakafuni wala isibanwe chini ya bati. Ukuta wetu wa tofali la kuchoma ni mnene, na bati ndilo baya kuliko yote, mawimbi yakifika hapo yanarudi yalikotoka. Usiifiche nyuma ya friji. Usiivike nguo. Hili la nguo naliongea kwa uchungu kidogo kwa sababu mke wangu, Mama Restituta, hufuma, na kwetu kila kitu kimevaa: redio, televisheni, mpaka ndoo ya maji ya kunywa. Nilipoleta ruta akaifumia kofia ya waridi. Ikawa ya moto mpaka paka akahamia juu yake. Nikamwambia inahitaji hewa. Akanijibu, "Na wageni wakija waikute uchi?" Tulinuniana siku kadhaa, kisha tukapatana afume kitambaa cha kuikalisha, kisiwe cha kuifunika.

Nenosiri lililobandikwa chini ya ruta libadilishe siku hiyohiyo. Watoto wa jirani wana macho. Wakija kuangalia katuni, mmoja anaigeuza, mwingine anapiga picha ile stika, na bando lako la mwezi mzima linaishia kwenye mipira ya Ulaya kabla hujajua nani kafunga.

Hayo yote mtayapata kwingine, hata kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Ambalo halimo ni alilonifundisha Mzee Filemoni.

Mzee Filemoni alikuwa fundi mkuu wangu Kibondo, mtu mkali, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa na tabia iliyonichosha sana nilipokuwa kijana. Akiingia nyumba ya mtu hafungui mkoba. Anakaa. Anapewa togwa, anakunywa bila haraka, anauliza habari za mashamba, za wagonjwa, za watoto. Mimi nimesimama na koleo mkononi, nasonya kimoyomoyo. Kisha anaanza maswali yake: nani anaishi humu, nani atakitumia hiki chombo, saa ngapi, mkienda shamba mnakiacha wapi, na usiku kinalala wapi. La mwisho hakuliacha kamwe. Nilidhani mzee anapenda togwa tu.

Siku moja tuliitwa misheni fulani ambako simu ilikuwa inakufa kila jioni na kufufuka asubuhi. Walishakuja mafundi wengine, wakabadilisha waya, wakabadilisha mpaka kisanduku cha ukutani. Mzee Filemoni akakaa, akanywa togwa, akauliza, "Simu hii inalala wapi?" Mpishi akajibu kwa fahari, "Kwenye debe la unga, mzee, na mfuniko juu." Kila jioni alikuwa anaichomoa na kuificha, mwizi asije akaiona. Mafundi wote waliotangulia walikuwa wameuliza habari za waya. Tulicheka njia nzima kurudi. Sijui kwa nini tulicheka, kwa sababu yule mpishi alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu.

Sasa niwaambie habari za Mama Dafroza.

Mama Dafroza anauza maharage, ni mtu wa Makere. Alizaliwa Burundi, akakulia kambi ya Mtabila, akaolewa na Muha wa Makere, akawa raia. Mumewe amekwisha kufariki. Mke wangu ndiye mteja wake, ndiyo maana tunafahamiana. Katika ndugu zake wa damu alibakiwa na dada mmoja tu, Spesioza, mkubwa wake. Mtabila ilipofungwa, Spesioza alihamishiwa kambi ya Nyarugusu, na baadaye akapata bahati ya kupelekwa ng'ambo na watoto wake. Alimsihi mdogo wake wafanye mpango waende wote. Dafroza hakukubali kumwacha mume na shamba. Wakaachana kwa maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana, wakakaa miaka bila salamu.

Mvua zilizopita binti wa Spesioza, jina lake Anjelina, alimtafuta mama yake mdogo kwa simu. Mama anaumwa, yuko hospitali, madaktari hawatoi matumaini, na anachotaka ni kumwona Dafroza na kuzungumza naye. Pale Makere nyumbani kwake simu peke yake ilikuwa haiwezi, uso unaganda, sauti inapotea. Mama Dafroza akauza maharage ya akiba, akaagiza ruta mjini.

Akaletewa na kijana mmoja ambaye jina lake silitaji, maana mama yake namheshimu. Kijana akaiweka mezani karibu na dirisha, akatia laini, akaunganisha simu ya mama, taa zikawaka. Alfajiri, saa ambayo kule kwao ni jioni na mabinti wametoka kazini wamefika hospitali, simu ikaita. Dada wawili wakaonana.

"Hatukusema kitu," Mama Dafroza aliniambia baadaye. "Tulilia, halafu tukachekana mvi. Akachoka. Akaniambia, kesho tutayamaliza yale maneno yetu."

Hiyo kesho ndiyo iliyokuwa imebaki kwa dada wale. Basi sikieni ilivyopotea.

Kijana alipokuwa anaondoka alimpa mama wosia wake. "Maza, alama za waifai zikijaa kwenye simu ujue iko sawa. Na hii ni mali, wezi wapo kibao. Usiizime, ina betri yake, ila usiiache ovyo. Itunze." Ndiyo huduma yote aliyopata. Na Mama Dafroza akaitunza. Nyinyi mliokulia nyumbani kwenu hamjui kutunza vitu kama watu waliokulia kambini wanavyojua. Mtabila kila nyumba ilikuwa na tranka la bati karibu na mlango, na chochote cha thamani kililala humo, kadi ya chakula, kitenge kizuri, picha za waliokufa, kwa sababu hukujua siku gani utaambiwa simama twende. Mama Dafroza leo ni raia, ana nyumba ya tofali na mihogo yake, lakini tranka bado liko palepale karibu na mlango. Baada ya ile simu ya kwanza, kabla ya kwenda mnadani, akaizungushia ruta kitenge, ikiwa inawaka, akaiweka ndani, waya wa chaji ukitokea kwenye upenyo wa mfuniko, akatia kufuli.

Kila alfajiri aliketi mkekani kando ya tranka, simu mkononi. Waifai ilikuwa inapenya kwenye upenyo huohuo, simu iko hapohapo, alama zimejaa. Mnara ndio ambao ruta ilikuwa haiusikii tena. Yeye angejuaje? Aliambiwa zikijaa ni sawa. Aliangalia, zimejaa, akangoja. Jua likichomoza anaifungia na simu ile kubwa humohumo, anakwenda mnadani karibu na kambi ya Nyarugusu na kitochi chake, ambacho Anjelina hakuwa na namba yake. Kesho yake tena mkekani.

Alikuja Kasulu kwangu siku ambayo si ya soko, bila gunia.

"Mwakeye, fundi."

Nikaitikia salamu yake ya Kiha, nikamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Nina swali moja tu," akasema. "Mtu akikufungia simu yake, hataki tena kukusikia, wewe unajuaje?"

"Nani amekufungia, mama?"

"Watoto wa dada. Dada aliniambia kesho, na ile kesho haiji. Wamekumbuka yale maneno. Siwalaumu, fundi, hata mimi nayakumbuka."

"Ruta inawaka?"

"Ego, inawaka. Na waifai imejaa mpaka juu, kila siku naangalia."

Nilikuwa tayari ninachukua mkoba. "Inalala wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi, mama?"

"Kwenye tranka," akasema, "na kufuli nimetia."

Niliita bodaboda mbili, tukaenda Makere, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu kwa mdomo uliofumbwa, mimi ambaye kanisani hukaa nyuma. Alipofungua tranka ruta ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka kwenye majivu. Taa ya waifai ya kijani, taa ya mnara nyekundu. Hakuna aliyemwambia kuna taa ya mnara. Niliiweka dirishani, upande wa kilima chenye mnara, tukasubiri. Nyekundu ikawa kijani. Na simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake, haiachi, mpaka akanipa kwa woga.

Simu ambazo hakupokea zilikuwa zimejipanga kioo kizima. Chini yake ujumbe wa sauti. Nikamuuliza kama nitoke nje asikilize peke yake. Akasema, "Kaa, mimi sijui kuzibonyeza." Nikabonyeza wa kwanza.

Ilikuwa sauti ya Spesioza mwenyewe, kwa Kirundi, na Kirundi na Kiha ni ndugu, nilielewa kila neno. "Dafu, uri hehe? Ndakurindiriye." Uko wapi, nakungoja. Wa pili, yeye tena, maneno yaleyale, sauti imepungua. Kisha mmoja ambao ni pumzi tu na kelele za mashine za hospitali. Kisha Anjelina, kwa Kiswahili chake cha Nyarugusu: "Mama mudogo, tunakuita tu, hauitike. Mama anauliza kama ungali na hasira na yeye." Nilijua wa mwisho utasema nini. Niliubonyeza kwa sababu Mama Dafroza alikuwa ananitazama. "Mama mudogo, mama ametuacha."

Hakulia mara moja. Alikaa mkekani pale alipozoea kukaa.

"Alijua nimekataa," akasema. "Amekufa anajua nimekataa."

Nikaiweka simu mkekani kando yake.

"Fundi, kosa langu ni lipi? Waliniambia itunze. Si niliitunza?"

"Hukukosea, mama. Ulifanya ulichoambiwa."

Ni kweli tupu, na haikumsaidia hata kidogo. Ndipo akalia, na majirani wakasikia wakaanza kuja.

Nilikwenda kwa yule kijana. Sikwenda kumpiga, ingawa mikono ilikuwa inawasha. Nilimkuta dukani kwake, ana spika inapiga muziki, akanisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulibadilika, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Lakini mzee, nilipotoka ilikuwa inafanya kazi." Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, kwa mafundi wa umeme, wa maji, wa simu, na wote husema kweli. Ilikuwa inafanya kazi. Alikaa kwa mama yule muda wa kuchomeka tu. Laiti angekaa muda wa bakuli moja la togwa angeliona lile tranka, maana liko karibu na mlango na karibu alikwae akiingia. Angeuliza humo hulala nini. Na nikamwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba kosa si lake peke yake, ni la wale waliotuaga kwa soda wakaamua kwamba kuketi na watu ni hasara. Siku hizi akiniona anavuka barabara, na mimi simwiti.

Mnaona basi kwa nini siwezi kuwaambia mnunue ruta gani. Ruta nyingi zinafaa. Ile ya Mama Dafroza ilikuwa nzuri kabisa, na mnara ulikuwa unaonekana kutoka dirishani kwake. Na nyinyi mnaozifunga, msinililie kwamba teknolojia ni ngumu. Ngumu ni kumuuliza mama wa watu anaishije, na hamtaki, kwa sababu hakuna anayewalipa kwa hilo. Hata sisi hawakutulipa.

Anjelina alipiga tena. Tulimweleza, mimi na Mama Dafroza kwa zamu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anashindwa katikati. Akasikia mpaka mwisho, akalia naye, akasema watamzika mama yao siku gani na kwamba atashika simu ili mama mdogo aone.

Siku hiyo nilirudi Makere mapema. Niliipandisha ruta juu ya kabati dirishani, nikapima kwa simu yangu kila kona ya sebule, nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Mama Dafroza alifunga kilemba cheusi, akavaa viatu vya kanisani ingawa alikuwa mkekani kwake. Wanawake wa jumuiya walijaa sebuleni, wanaume nje dirishani. Picha ikaja safi, kila kitu kinaonekana: nyasi zilizokatwa fupi, watu wachache wenye makoti mazito, jeneza lenye mishikio ya kung'aa. Jeneza likashuka lenyewe kwa mikanda, hakuna aliyeshika kamba. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Na wachimbaji wako wapi, mbona hakuna mtu mwenye jembe?" Hakuna aliyemjibu.

Mama Dafroza alinitaka nikae kando ya ruta, isije ikakatika. Nikakaa. Kule walikuwa kimya, wanangoja padri amalize, na hapo ndipo alipoisogelea simu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeitika mlangoni, "Mukuru wanje, ndi hano." Dada yangu, niko hapa.

Sauti yake ilifika papo hapo. Niliwaona watu wote pale kaburini wakigeuza vichwa.